Kompyuta ya Banda la Shira

Kila Machi, kabla sijavaa hata soksi ya pili, nasikiliza pampu. Banda letu la shira liko nyuma ya nyumba, na pampu ikivuta vizuri husikika kama mtu anayekoroma usingizi mzito. Ikianza kukohoa, ujue kuna mpira umetoboka huko msituni na hewa inaingia mahali pa utomvu.

Sisi akina Laclair tunagema mepo, miti yenye utomvu wa sukari, hapa Pike Hollow, Vermont, tangu enzi za babu yangu. Zamani tuligema kwa ndoo. Siku hizi mipira myembamba inatoka mti hadi mti, kilima kizima, na pampu inauvuta utomvu mpaka bandani, tunauchemsha unakuwa shira. Utomvu hutiririka majira haya tu, pale usiku wa baridi kali unapofuatwa na mchana wa joto kidogo. Wiki chache baadaye miti inachipua, na kazi imekwisha. Tukipoteza msimu tumepoteza mwaka, maana hatuna kitu kingine cha kuuza.

Binti yangu Corinne ana miaka kumi na mitatu. Kazi yake ya asubuhi, kabla ya basi la shule, ni kuangalia kompyuta. Iko kwenye chumba kidogo cha nyuma ya banda, juu ya rafu. Ni kompyuta mpakato kuukuu, herufi moja imeng'oka, na betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya wa ukutani tu. Ukiiwasha inakuuliza kwanza unataka mfumo upi, maana ndani yake kuna mifumo endeshi miwili, kama nyumba moja yenye milango miwili.

Mlango wa kwanza ni mfumo wa zamani, ndio pekee unaoielewa programu ya mipira. Tumefunga vipimo vya hewa msituni, na mpira wowote ukivuja programu inauonyesha kwa rangi nyekundu. Waliotengeneza programu hiyo walifunga kampuni wakaenda zao, hawakutuaga hata kwa simu. Mlango wa pili ni mfumo wa bure, ambao mke wangu Lorraine aliuweka ili Corinne afanyie kazi za shule. Akitaka kusoma anauzima wa kwanza, anaufungua wa pili, na akimaliza anarudisha ulivyokuwa.

Lorraine ndiye aliyejua mambo hayo. Mimi niliacha shule mapema nikashika shoka. Alifariki mwaka juzi, njiani, ndani ya gari la wagonjwa, kwa sababu wakubwa walikuwa wameifunga hospitali ya karibu wakisema barabara ni nzuri. Barabara ni nzuri kweli. Ni ndefu tu.

Sasa tena wakaja wakubwa wengine, hawa wa bodi ya shule. Kwanza waliacha kuwapa watoto kompyuta, eti kila nyumba inayo. Halafu wakatangaza kwamba kuanzia Jumatatu, kompyuta yenye mfumo wa toleo la zamani haitaruhusiwa kuingia kwenye tovuti ya mitihani. Corinne aliniambia habari hizo tukiwa mezani, tunakula maharage.

"Baba, Jumatatu nina mtihani wa jiometria. Lazima niupandishe ule mfumo wa shule uwe toleo jipya, la sivyo hawanifungulii."

"Nani hawakufungulii?"

"Bodi."

"Bodi! Wao ndio walioacha kuwapa kompyuta, leo wanachagua ipi iingie na ipi ibaki nje? Hii yetu ina kosa gani? Si inawaka?"

"Ni mambo ya usalama, baba. Toleo la zamani haliwekewi tena viraka."

"Hata suruali yangu haiwekewi viraka, mbona naingia nayo kanisani?"

Corinne alicheka kidogo. Nikamuuliza kazi hiyo inachukua muda gani.

"Muda mrefu. Intaneti yetu unaijua. Na wakati wote huo hatutaiona mipira."

"Basi subiri baridi irudi. Utomvu ukiganda, kompyuta ni yako kutwa nzima. Kabla ya hapo usiiguse."

"Utabiri unasema baridi itarudi Jumanne."

"Basi na mtihani wao usubiri Jumanne!" Nilipiga meza mpaka bakuli la maharage likaruka. "Wao wapange, sisi tuhangaike! Kila kitu ni hivyo hivyo!"

"Sawa, baba," alisema Corinne, akaendelea kula huku akiangalia sahani yake.

Jumamosi jirani yetu Wendell alikuja kunisaidia kuchochea moto. Ni mzee mcheshi, mikono yake mikubwa kama makoleo, na kazi yake ya pili ni kunichokoza mimi.

"Armand, leo umeshafoka mara ngapi? Au nimewahi mapema?"

"Weka kuni, Wendell."

"Ah, hiyo ya kwanza. Basi sijachelewa."

Utomvu siku hiyo ulikuwa unakuja kama mvua. Matangi yalijaa, ikabidi kuwasha mashine ya kuchuja, ile inayoondoa maji mengi kabla ya kuchemsha. Mashine hiyo inakula umeme vibaya sana, na nyaya za banda ni za tangu ujana wa baba yangu. Mara nyingine ikianza, swichi kuu inaruka na umeme wote unakatika. Ndiyo maana tuna sheria. Anayetaka kuiwasha anapaza sauti, "Nawasha!" na haigusi mpaka kila aliye ndani amejibu, "Washa!" Mwenye mkono ndani ya pampu anautoa. Aliye kwenye kompyuta anaizima kwanza. Hakuna aliyewahi kuichezea sheria hiyo.

"Nawasha!" nilisema.

"Washa!" alijibu Wendell kutoka tanurini.

Kule chumba cha nyuma kimya.

"Corinne! Nawasha!"

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba Corinne alikuwa amefunga mlango na kuanza kuupandisha ule mfumo tangu mchana. Alidhani utamalizika kabla sijagundua. Mama yake alimfundisha kunakili faili zake kwanza mahali pengine, hakunakili, alikuwa na haraka. Mama yake alimfundisha kwamba kazi hiyo ikianza umeme usikatike hata kidogo. Alilijua hilo pia. Wakati ninaita, mstari wa kwenye kioo ulikuwa umefika zaidi ya nusu. Angesema "Subiri!" ningeuliza nisubiri nini. Ningeingia. Ningeona.

"Washa!" akajibu.

Nikawasha. Taa zikafifia, mashine ikanguruma, kisha pwa! Giza na kimya. Nikaenda kuirudisha swichi kuu nikitukana waliotengeneza nyaya, umeme ukarudi, pampu ikaendelea. Lakini Corinne alipotoka chumbani uso wake ulikuwa mweupe kama theluji ya dirishani.

"Baba, kompyuta haiwaki."

Niliingia. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi machache meupe pembeni, basi. Hakikuuliza tena mlango wa kwanza wala wa pili.

"Ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Naangalia mipira tu. Imezima yenyewe, kabla hata umeme haujakatika."

"Yenyewe!" Damu ilinipanda. "Hawa ni bodi! Wameingia humu kwa intaneti wakaiua ili tukanunue mpya!"

"Armand," alisema Wendell akijifuta jasho, "bodi ya shule imeshindwa kuziba paa la ukumbi linalovuja. Itaweza kuua kompyuta kwa mbali?"

"Kubomoa hawajawahi kushindwa!"

Corinne aliirudisha kompyuta kwenye rafu.

Haikupita saa moja pampu ikaanza kukohoa. Mshale wa kipimo ukashuka. Mahali fulani kwenye kilima hewa ilikuwa inaingia, na hatukuwa na kioo cha kutuonyesha wapi. Tulivaa viatu vya theluji, mimi na Corinne, tukapanda. Kutafuta tundu dogo kwenye mipira ya kilima kizima ni kama kutafuta mbu anayelia kwenye ukumbi wa harusi. Unasimama, unatega sikio usikie kijisauti cha "sss", unasogea mti wa pili. Theluji ya Machi ni laini, inakumeza mpaka gotini. Mpaka jua linazama tulikuwa hatujapata kitu. Jumapili tukapata tundu moja tukaliziba, na pampu bado inakohoa. Utomvu bora wa msimu ulikuwa unabaki mitini, na kila nilipokumbuka hilo nilizidi kuwatukana wakubwa kwa sauti, miti inasikia, binti yangu anasikia.

Jumatatu asubuhi niliichukua kompyuta kwapani, nikampakia Corinne kwenye gari, tukaenda shuleni.

Mtu wa kompyuta wa wilaya anaitwa Noreen Yandow. Ni mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, anazunguka shule zote, na hapo kwetu ofisi yake ni meza moja kwenye korido. Niliishusha kompyuta mbele yake kwa kishindo.

"Mmeiua! Haya, ifufueni!"

"Habari za asubuhi, Bwana Laclair. Tumeiua vipi?"

"Mmeingia kwa intaneti! Binti yangu amekaa anaangalia mipira yangu, hajagusa kitu, mkaizima!"

"Sisi hatuna uwezo wa kuingia kwenye kompyuta ya mtu nyumbani kwake."

"Muongo wewe!"

Milango ya madarasa ikafunguka. Walimu wakachungulia, watoto wakajaa korido. Mwalimu mkuu akatoka ofisini, tai imekaa upande. Nikamwambia yeye pia yote niliyokuwa nayo tumboni: kompyuta walizoacha kugawa, mitihani, wakubwa wanaoketi kwenye viti vya kuzunguka. Nikamwonyesha kidole Noreen nikasema sitoki hapo mpaka huyu mama afukuzwe.

Mwalimu mkuu alimgeukia. "Bi Noreen, kama kuna chochote tulichotuma kikaharibu mali ya mzazi, wewe ndiye utakayejibu mbele ya bodi. Unaelewa hilo?"

"Naelewa," alisema Noreen. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini masikio yalikuwa mekundu, na mikono alikuwa ameificha chini ya meza.

"Baba, acha," alisema Corinne.

"Niache nini? Ndiyo kwanza naanza!"

"Acha, baba. Siyo yeye. Ni mimi."

Corinne alisema yote pale pale, mbele ya darasa lake, machozi yanamtoka lakini maneno yanaeleweka. Kwamba aliahidi kusubiri na hakusubiri. Kwamba hakunakili faili. Kwamba nilipoita alikuwa katikati ya kazi, akajibu "Washa." Kwamba kuzima yenyewe ni uongo aliousema ili kuuficha uongo wa kwanza.

Hasira yangu ilikuwa imejaa kifuani na ghafla haikuwa na mahali pa kwenda. Nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini hukusema subiri?"

"Ungefoka."

Mtoto mmoja alicheka, mwalimu akamkanyaga kwa macho. Mimi nilivua kofia.

"Mama," nilimwambia Noreen, "nimekutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya hao hao."

Alivaa miwani vizuri. "Nimekusikia. Sasa hebu niione hiyo kompyuta."

Aliiunganisha na umeme, akachomeka flashi, akaiwasha kwa kutumia flashi hiyo badala ya mifumo iliyomo ndani. Corinne alisogea akasimama begani kwake.

"Angalia," Noreen alimwambia. "Mifumo yote miwili bado ipo. Aliyekosekana ni bawabu, yule anayekuuliza uingie wapi. Ulikuwa katikati ya kumbadilisha umeme ulipokatika. Wa zamani ameshaondoka, mpya hajafika, basi hakuna wa kufungua."

"Na faili zangu?"

"Zipo. Lakini hiyo ni bahati, usiiite akili."

Aliandika amri, akasubiri, akaandika nyingine. Kazi iliyokatika ikaendelezwa hadi mwisho, bawabu mpya akawekwa, na mchana kompyuta ikauliza tena: mlango wa kwanza au wa pili?

Wakati tunasubiri nilimuuliza Noreen habari ya mtihani, maana darasa lilikuwa limeshaufanya.

"Kwani hamkuomba wa karatasi?" alisema. "Mwanafunzi ambaye kompyuta yake haijawa tayari anaruhusiwa kufanya kwenye karatasi. Bodi imetangaza leo asubuhi."

"Imetangaza wapi?"

"Kwenye tovuti."

"Tovuti ipi?"

Noreen alisema polepole, "Ile ile."

"Ile ambayo anayehitaji karatasi hawezi kuingia?"

"Ndiyo, Bwana Laclair. Ile ile."

Hapo hasira yangu ilirudi yote, lakini safari hii ilijua njia.

Tulirudi nyumbani, tukawasha mlango wa kwanza, na mara moja mpira wa upande wa miamba ukang'aa mwekundu. Tulipofika tulikuta meno ya kindi, matundu mawili safi. Corinne alikata kipande kibovu, akaunganisha kipya, na "sss" ikanyamaza. Tulipata utomvu tena, lakini ule wa Jumamosi na Jumapili ulikuwa umepotea moja kwa moja.

Nilikaa juu ya jiwe. Yeye akabaki amesimama, anasubiri nifoke.

"Ni kweli ningefoka," nilisema. "Na hilo ni langu, nitalishughulikia. Lakini kufoka kwangu kunaisha kabla ya chakula cha jioni. Uongo wako umetutembeza kilima kizima siku mbili, na leo ulikaribia kumnyima mtu kazi."

"Najua, baba."

"Nisikilize vizuri. Mimi nina ugomvi na wakubwa wengi, na sehemu kubwa nina haki. Lakini sina cheo, sina shule. Nina neno langu tu. Leo nimesimama pale nimejaa uongo bila kujua, nikamshambulia mtu wa meza ya koridoni. Bodi yenyewe ilikuwa wapi? Imekaa kwenye viti vyake, salama kabisa! Ukinidanganya nyumbani, mwanangu, unanipokonya kitu pekee ninachopigana nacho."

Alijifuta pua kwa glavu. "Bodi inakutana Jumatano. Twende wote."

"Utasema nini huko?"

"Yangu kwanza. Halafu yao."

Jumatano baridi ilikuwa imerudi na utomvu umeganda. Tulienda ukumbini, Wendell naye akaja, eti asikose tamasha. Nilikuwa nimejiapiza kutofungua mdomo, na niliuma ndevu zangu mpaka kidevu kikauma. Corinne alipoitwa alisimama, akaeleza kosa lake tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenyekiti wa bodi, bwana mmoja mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, akatabasamu.

"Kwa hiyo, binti, kompyuta yenu uliiharibu wewe mwenyewe. Sasa umekuja kulalamikia nini?"

"Niliiharibu mwenyewe, ndiyo, nimeshasema," alijibu Corinne. "Sasa naomba na nyinyi mseme. Tangazo la mtihani wa karatasi mliliweka wapi?"

Tabasamu likaondoka. Mwenyekiti akamtazama katibu, katibu akatazama meza. Noreen, aliyekuwa amekaa nyuma, akanyanyua mkono akasema yeye anaweza kuwajibia wakipenda. Mama mmoja wa mashambani akasimama, mwanawe naye alikosa mtihani. Kisha baba mwingine. Kabla hatujatoka, bodi ilikubali mtihani urudiwe kwa wote waliofungiwa nje, kwa karatasi, na kuanzia siku hiyo kila tangazo libandikwe ndani ya mabasi ya shule mahali mtoto anapoliona.

"Kwanza sijasikia mtu akifoka," Wendell alilalamika tukiwa tunatoka. "Nimepoteza petroli yangu bure."

Garini Corinne aliniuliza kama bado nimemkasirikia. Nilimwambia bado, na kwamba ataosha masinia ya kuchemshia mpaka msimu uishe. Halafu nikamwambia lile nililotaka alikumbuke.

"Umeona yule bwana? Kosa lako ndilo alilotaka kukushikia. Akakuta umeshaliweka mezani mwenyewe, mikono yake ikabaki mitupu. Ungelificha, tungekuwa bado tunalijadili kosa lako mpaka sasa, na lao wangerudi nalo nyumbani kwa raha zao. Ukitaka kuwauliza wakubwa ukweli, mwanangu, anza kwa kuusema wako."